Doto Alizaliwa Kesho Yake

Daktari Chenge hakuwa mtu wa kupiga kelele, ndiyo maana siku alipopiga, wodi nzima ya watoto ilinyamaza. Akelo, karani wa hospitali, alikuwa amesimama mlangoni na orodha ya dawa za mwezi wa nne mkononi, karatasi ndefu yenye matundu pembeni, imetoka kwenye printa muda huo huo. Alisikia kila neno.

"Nusu! Dawa ya kifua kikuu unampa mtoto nusu? Nani alikufundisha hivyo, mama?"

Aliyeulizwa jina lake lilikuwa Teodora, ila hakuna aliyemwita hivyo tangu ajifungue mapacha. Alikuwa Mama Kulwa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na nyuma yake binti zake wa miaka minne, Kulwa na Doto, walikuwa wamelala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, wakikohoa kwa kupokezana. Alijibu chini chini, macho sakafuni.

"Ilikuja bahasha moja, Daktari. Mwezi mzima wa tatu, moja tu. Mapacha hawapewi kimoja. Ukimpa huyu ukamnyima huyu, umeshamchagua wa kumzika. Nikagawa sawa kwa sawa."

"Ukawarudisha wote wawili kitandani, sawa kwa sawa."

"Nilidhani dawa zimepungua. Siku hizi si kila kitu kimepungua?"

"Ujinga," Daktari alisema, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka, jambo lililozidi kuumiza. "Ujinga ndio utakaotumaliza." Akatoka, akampita Akelo bila kumwona.

Akelo aliitazama orodha, ingawa alijua kabla ya kutazama. Mayala, Kulwa, kijiji fulani, vidonge kadhaa. Mstari uliofuata ulikuwa wa mtoto mwingine kabisa. Doto hakuwepo. Na kilichomtisha Akelo si kwamba Doto hayupo, bali kwamba alijua kwa nini hayupo, na amejua tangu Oktoba.

Sasa tuelezane vizuri, maana habari hii ukiisikia nusu utamlaumu asiyehusika, kama Daktari alivyofanya.

Hospitali ile ya misheni ipo upande wa Sengerema, si mbali na Kamanga, mahali ambapo ukisimama uwanjani unaiona Mwanza ng'ambo ya maji na mawe yake. Mwaka huo wa tisini na nane kila kitu kilikuwa kinaingia kutoka nje: mashati yaliyovaliwa, redio zilizochoka, wanunuzi wa sangara wenye magari ya barafu. Kompyuta ya hospitali nayo iliingia hivyo hivyo, imetumika, kutoka kwa wafadhili, na ndani yake imo programu iitwayo Klinika. Ilipofika tu, daftari kubwa la watoto lilipumzishwa kabatini. Kila mwezi Klinika ilichapa orodha ya watoto wa dawa za muda mrefu, wa kifua kikuu, wa kifafa, wa selimundu, na kwa orodha hiyo bahasha zilijazwa, zikaandikwa majina na kupelekwa kwenye zahanati za vijijini. Ukiwemo kwenye orodha unapata bahasha. Usipokuwemo, mganga wa zahanati atakufanyia nini?

Klinika ilitengenezwa na mtu mmoja wa Ufini, Jorma, jioni baada ya kazi zake, akaitoa bure kwa yeyote. Tena aliyaacha wazi maandishi yake yote ya ndani: anayeweza ayasome, anayetaka ayarekebishe, anayeona kosa aseme. Hapo kwenye kusema ndipo penye kazi. Akelo alilelewa Shirati na mama aliyemfundisha kwamba jirani akikuletea samaki aliyeanza kunuka, unashukuru, unamsindikiza, akishapotea njiani ndipo unamtupia paka. Kumwambia mtu aliyekupa bure kwamba alichokupa ni kibovu! Hata ulimi wenyewe ungekataa.

Oktoba ile aliona jambo. Apiyo na Adongo, mapacha wa kike wa mvuvi mmoja wa Kamanga, waliingia kwenye kompyuta wawili, na mwisho wa mwezi akatoka mmoja. Klinika ilikuwa na kazi moja iliyoitwa usafi wa mwezi: ilitafuta watoto walioandikishwa mara mbili, ikawaunganisha. Watoto wenye baba mmoja, jinsia moja, kijiji kimoja na tarehe moja ya kuzaliwa, yenyewe ilisema ni mtoto yule yule, ikamfuta mmoja bila kuuliza mtu. Nchi ya Kulwa na Doto, ya Apiyo na Adongo, nchi ambayo hata mtoto anayefuata mapacha ana jina lake maalumu, ndiyo iliyoletewa mashine isiyojua kuna pacha.

Akelo mwenyewe ni mtoto anayefuata mapacha, na jina lake linasema hivyo. Hakutaka makuu. Akamrudisha Adongo, na tarehe yake akaisogeza mbele siku moja. Usafi ukapita, wote wawili wakabaki. Akafanya hivyo kwa kila jozi aliyoijua. Kufikia Krismasi, mapacha wote wa eneo lile, kwa mujibu wa kompyuta, walikuwa wamezaliwa siku mbili tofauti. Mama zao wote walikesha na uchungu usiku kucha, masikini, bila wenyewe kujua. Akelo alilicheka peke yake jambo hilo. Hakumwambia mtu, maana ni nani anayetaka kuonekana anaandika uongo kwenye rekodi za hospitali?

Usiseme hakujaribu kabisa. Novemba alimwandikia Jorma, kwa Kiingereza chake safi cha shule. Alimsalimu, akamwulizia familia na hali ya hewa, akamshukuru kwa programu nzuri mno, akamwombea baraka. Mwishoni kabisa, kama mtu anayesahau mwavuli mlangoni, akaongeza kwamba kuna "kitatizo kidogo tu upande wa majina, lakini tunaendelea vizuri." Jibu likaja mistari minne. Toleo gani? Ulifanya nini, hatua kwa hatua? Ulitegemea kitokee nini? Kikatokea nini? Basi. Hata "habari za huko" hakuna. Akelo aliisoma barua ile akajiona kama mtuhumiwa mbele ya polisi. Hakuijibu. Tatizo si ameshalimaliza mwenyewe?

Februari mama yake aliugua, Akelo akaenda Shirati wiki tatu. Kazi akamwachia Hellen, binti mwenye bidii ambaye sijui nimwelezeje: ukimwachia sufuria moja ya kuosha, utakuta ameosha na dari. Siku za kliniki Hellen aliwaambia kina mama waje na kadi zao, akalinganisha kadi na kompyuta, mstari kwa mstari. Akashangaa kukuta tarehe kadhaa zimekosewa kwa siku moja moja. Akazirekebisha zote, akaandikisha na wapya, kisha mwisho wa mwezi akafanya usafi kama kitabu kinavyoelekeza. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote, ya siku moja tu. Akelo aliporudi hakuyatazama tena majina ya mapacha, akiamini hayo alishayamaliza.

Sasa Akelo alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, na Mama Kulwa alikuwa akiwafunika wanawe bila kumtazama mtu.

Aliandika jina la Doto kwenye orodha kwa kalamu, akakimbia dirisha la dawa, akahakikisha bahasha ni mbili. Matibabu ya watoto yangeanzwa upya tangu mwanzo. Halafu akaenda kwa Daktari, na huko akasema ukweli, ila alisema nusu yake.

"Shikamoo, Daktari. Si kosa la yule mama. Kompyuta ilimmeza Doto."

"Ilimmeza vipi?"

"Programu inafuta mapacha."

Hasira ya Daktari ikahama ng'ambo ya bahari, ikamwangukia Jorma. Akaagiza karatasi, akatamka barua huku akizunguka chumba, na Akelo akaandika: kwamba programu hii ni takataka, kwamba inaua watoto wa Afrika, kwamba kama ingekuwa mwanawe asingethubutu. "Piga mstari chini ya takataka," alisema. "Kesho uvuke, ukaitume." Akelo akapiga mstari. Aliona nafuu kidogo kwamba anayetukanwa si yeye, na papo hapo akaionea aibu nafuu ile.

Asubuhi kwenye kivuko hakuweza kukaa. Watu walijipumzisha juu ya magunia ya viazi na matenga ya dagaa, yeye akawa anazunguka, kutoka ukingo huu hadi ule, akimsumbua kila mwenye mzigo. "Dada, hata ukitembea hatufiki mapema," mtu mmoja alimtania, watu wakacheka. Akacheka nao, akaendelea kutembea. Alitamani injini ikimbie na alitamani isifike.

Duka la Victor Otuoma lilikuwa Mirongo, mjini Mwanza, limebanwa kati ya muuza nafaka na muuza mitumba, na kibao chake kilisema KOMPYUTA, FAKSI, IMEILI. Victor alitengeneza mashine za watu asubuhi, na saa saba kamili mchana, mara moja tu kwa siku, simu yake ilipiga Dar es Salaam kupeleka na kuleta imeili za mji mzima. Alikuwa mtu wa Shirati pia, mkubwa kwa Akelo kwa miaka miwili mitatu, na hakuwa na haraka ya chochote duniani. Aliisoma barua ya Daktari mara mbili.

"Barua nzuri," akasema. "Ukiisoma damu inachemka kabisa. Ila mimi nikiwa ndiye huyo Jorma, nafungua wapi nirekebishe?"

"Tuma tu, Victor. Nimetumwa."

"Nitatuma. Nauliza tu." Alichomoa bisibisi nyuma ya sikio, akaielekeza kwenye rundo la mashine kona. "Unaziona hizo? Kila mwenye kuleta anasema neno moja: imekufa. Namuuliza, ulikuwa unafanya nini ilipokufa? Anawaka! Kama vile nimemwita muuaji. Dada yangu, sikuulizi ili nikufunge. Nakuuliza nijue pa kufungua."

Akelo alikuwa amesimama karibu na mlango, amekunja mikono. Neno "muuaji" lilimwingia vibaya. Victor hakuona, alikuwa ameshainamia kabati la mafaili, maana alikuwa akichapa kila imeili inayopita kwake na kuiweka, tabia aliyotoka nayo posta kabla ya kupunguzwa kazi. Akatoa karatasi ya Novemba. Mistari minne.

Akelo aliisoma tena. Maneno yalikuwa yale yale, ila safari hii hakumwona polisi. Alimwona mtu mmoja mbali huko, amechoka na kazi ya mchana, anashika taa mlangoni na kuuliza: niingilie wapi? Naye alimfungia mlango miezi mitano kwa sababu hakuulizwa habari za nyumbani.

"Una disketi za Klinika?" Victor aliuliza.

"Ninazo."

"Lete tuiue hapa hapa."

Wakaiweka Klinika kwenye mashine ya Victor, tupu, haina mtoto hata mmoja. Akelo akaandikisha wawili wa kubuni, wasichana, baba mmoja, kijiji kimoja, tarehe moja. Usafi. Akabaki mmoja. Wakaanza upya, safari hii mmoja wa kiume. Wakabaki wawili. Wakabadilisha kijiji, wakabaki wawili. Wakawapa majina ya kwanza yasiyofanana hata kidogo, Teodora na Bernadeta, tarehe moja: mmoja akamezwa. Kila mara Akelo aliandika kwenye karatasi walichofanya na kilichotokea. Kuna raha fulani, hata katika balaa, ya kulishika tatizo shingoni na kuona kwamba nalo lina shingo.

"Jina la kwanza haliangalii kabisa," alisema.

"Haliangalii. Hebu andika hivyo hivyo. Sasa ni saa sita na nusu."

Akaketi kwenye kibodi. Toleo la pili nukta moja. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulitegemea watoto wawili. Alibaki mmoja, na programu haikuuliza. Aliandika bila kumpaka Jorma mafuta na bila kumtukana. Victor alisoma nyuma ya bega lake, akitikisa kichwa kukubali, mpaka alipofika mwisho.

"Kuna kitu sielewi. Mmeitumia tangu mwaka jana. Kama inameza kila pacha, mbona Januari haikumeza mtu?"

Nje muuza mitumba alikuwa akipigia kelele suruali zake.

"Lazima Jorma naye atauliza," Victor alisema taratibu. "Atatafuta kwenye programu kitu kilichobadilika Februari, na hakipo."

"Nilikuwa naidanganya," Akelo alisema. "Kila Doto nilimzalisha kesho yake. Hellen akazirudisha tarehe za kweli. Hakujua. Hakuna aliyejua ila mimi."

Victor alivuta stuli, akakaa. "Basi hicho ndicho kipande kinachokosekana."

"Anuani ni ya hospitali. Jibu litarudi na maandishi yangu chini yake. Daktari atasoma."

"Atasoma."

"Kazi hii ndiyo inayomlisha mama yangu. Kaka yangu kiwanda cha nguo kilishamrudisha nyumbani. Unajua."

"Najua," Victor alisema, na hakuongeza neno. Angeongeza, pengine Akelo angepata wa kugombana naye.

Saa ya ukutani ilisema saba kasoro dakika kumi. Mficha maradhi kifo humuumbua, watu husema, lakini methali haisemi nini kinatokea pale ambapo maradhi ni yako na kifo ni cha mtoto wa mwenzio. Akelo aliinama, akaandika haraka kabla ujasiri haujapoa:

*Tangu Oktoba nilijua. Sikukwambia waziwazi. Ili watoto wasifutwe nilibadilisha tarehe ya kuzaliwa ya pacha wa pili, nikaongeza siku moja, bila kumweleza mtu. Februari mwenzangu alisahihisha tarehe hizo, na usafi wa mwezi ukawafuta. Mtoto mmoja anaitwa Doto. Mama yake alipokea dawa ya mtoto mmoja akaigawa kwa wawili. Wote ni wagonjwa sasa. Tafadhali niambie nifanye nini leo, kabla hujarekebisha.*

Barua ya Daktari aliikunja, akairudisha kwenye mkoba. Saa saba modemu ilipiga mlio wake wa paka aliyekanyagwa, na maneno yakaenda.

Siku nne zilizofuata hakukuwa na kiti kilichomkubali. Alianza kazi akaiacha katikati. Alikwenda wodini kila saa kwa visingizio: kuuliza orodha ya shuka, kuuliza saa ngapi. Kulwa alianza kula. Doto homa ilipanda, ikashuka, ikapanda. Aliandika kutoka kichwani majina ya mapacha wote aliowahi kuwadanganyia tarehe, jozi tano, akawarudisha kwenye orodha na kupeleka bahasha zao. Hellen alipoambiwa alilia, akajaribu kuwakumbuka wapya aliowaandikisha Februari, akashindwa. Walikuwa watoto zaidi ya mia.

Kilichomnyima Akelo amani kuliko homa ya Doto kilikuwa Mama Kulwa mwenyewe. Mwanamke yule alikuwa ameanza kufagia wodi. Hakuna aliyemtuma. Asubuhi na jioni aliinama na ufagio wa njukuti, akafagia chini ya kila kitanda, cha kwake na cha wenzake, na kila muuguzi aliyepita alimwambia, "Nisameheni, nimewasumbua." Siku ya tatu alimwambia Akelo hivyo hivyo. "Nisamehe, dada. Ujinga ni maradhi." Akelo alikimbilia ofisini kama mtu aliyesahau chungu motoni.

Siku ya tano alivuka. Victor alikuwa ameshachapa jibu. Jorma aliandika:

*Asante. Hii ndiyo taarifa bora niliyopata mwaka huu, na inaniuma. Hospitali moja ya nchi nyingine iliniambia kwamba kwao mtoto huja leo na jina la nyumbani, kesho na jina la ubatizo, wakaniomba nisiangalie jina la kwanza. Niliwasikiliza, sikuwaza mapacha. Kosa ni langu. Leo: usifanye usafi hata mara moja. Nimetuma rekebisho pamoja na barua hii. Sasa programu itawaonyesha watoto wote wawili na kuuliza, haitamfuta mtu yenyewe. Ila waliokwisha kufutwa siwezi kuwarudisha. Hakuna mashine inayowakumbuka. Itabidi watu. Swali moja: naruhusiwa kuweka majina ya Kulwa na Doto kwenye majaribio ya Klinika? Kila nitakapoibadilisha, nitaanza na hao, na akitoka mmoja sitaitoa kwa mtu.*

Chini yake, kama alivyoogopa, yalikuwepo maandishi yake yote.

Akelo angeweza kukata karatasi ile kwa mkasi. Victor alikuwa na mkasi mezani, na wala hakuwa anamtazama. Akaikunja nzima.

Daktari Chenge aliisoma amesimama. Alipofika chini alirudi juu, akasoma tena, kisha akavua miwani.

"Barua yangu hukuituma."

"Sikuituma, Daktari."

"Na ulijua tangu Oktoba."

"Ndiyo."

Akelo alitazama vidole vya miguu yake. "Habari za kazi yako tutazizungumza na Padri wa misheni mwisho wa mwezi," Daktari alisema hatimaye. "Sitakudanganya, sijui nitasema nini. Nilimfokea yule mama mbele ya wodi nzima." Akavaa miwani tena. "Lakini watoto wanapata dawa. Yeye kompyuta haijui, utamweleza nini? Mwache. Yatapita."

Lilikuwa pendekezo la huruma, na Akelo alilitamani kwa mwili wote. Usiku ule alilala akageuka, akalala akageuka.

Asubuhi alimkuta Mama Kulwa ameshaanza kufagia. Doto alikuwa amekaa, anachezea kifuniko cha chupa, macho makubwa katika uso mdogo. Kulwa alimshikia chupa.

"Mwangaluka, Mama Kulwa," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, dada."

"Weka ufagio kwanza. Nina neno."

Hakuuweka, aliusimamisha tu, akauegemea. Na Akelo, ambaye usiku kucha alikuwa ametafuta maneno laini, alijikuta hana. Akasema kama alivyoandika: alichofanya, alichotegemea, kilichotokea. Kwamba kuna mashine ya majina. Kwamba ilikuwa inamfuta pacha mmoja. Kwamba yeye alijua, akaficha kwa kuandika kwamba Doto alizaliwa siku ya pili. Kwamba alisafiri bila kumwambia mwenzake. Kwamba ndiyo maana bahasha ilikuja moja. "Dawa hazikupungua. Zilikuwepo. Wewe uligawa ulichopewa. Aliyekupa kimoja ni mimi."

Wodi ilikuwa imenyamaza tena, kama siku ile. Kina mama wengine walisikia, na Akelo alitaka wasikie. Daktari alimfokea mbele ya watu, basi na asafishwe mbele ya watu.

Mama Kulwa alimtazama kwa muda mrefu sana. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yaende. "Nimefagia wiki nzima," alisema.

"Nimekuona."

"Ukanitazama."

"Nilikutazama."

Akamsogezea Akelo ufagio, akauweka mkononi mwake, akaenda kukaa kitandani kwa wanawe. Hakusema amemsamehe, wala Akelo hakuomba. Alisimama na ufagio ule hajui aufanyeje, na alipokuwa karibu kuinama aanze kufagia, Mama Kulwa alisema:

"Na wengine?"

"Wengine wapi?"

"Mapacha wengine. Bahasha moja moja. Unadhani ni mimi peke yangu ninayegawa?"

"Niliowakumbuka nimewarudisha. Jozi tano. Walioandikishwa Februari hatuwajui. Mashine haiwakumbuki."

"Mashine!" Mama Kulwa alifuta uso kwa upande wa khanga, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe pale sauti yake ilipanda. "Sisi kina mama wa mapacha tunajuana. Siku ya kliniki tunakaa benchi moja, watu wanatujia ili wawashike watoto wetu mkono. Kuna mke wa Shimba, wa kifafa. Kuna yule Mkerewe mfupi. Kuna Adoyo wa kule kwenye mialo ya samaki, na wake ni selimundu wote wawili, Yesu wangu, na yeye anagawa, aliniambia mwenyewe anagawa. Chukua kalamu!"

Akelo aliegemeza ufagio ukutani, akatoa kalamu na ile orodha ndefu yenye matundu, akaigeuza upande usioandikwa. Mkono wake ulikuwa unakimbia mbele ya maneno.

"Watoto wa Adoyo. Majina?"

"Opiyo na Odongo."

"Wamezaliwa lini?"

"Jumapili ya Matawi, mwaka juzi. Kanisa zima lilikuja kuona."

Akelo aliandika tarehe mbele ya Opiyo. Alipofika kwa Odongo kalamu ilisita, kwa mazoea tu. Mama Kulwa aliuona mkono ule ukisimama.

"Unangoja nini?" aliuliza. "Siku moja. Wote wawili siku moja. Kwani pacha huzaliwaje?"